Dakika Ishirini Penye Bomba

Kabla ya semina ile nilidhani najua dakika ishirini ni nini. Nilidhani ni muda wa kumenya viazi vya jioni, au wa kushuka na tenga la karoti kutoka kwetu hadi barabara ya magari ya Mlalo. Kumbe nilikuwa sijui kitu.

Semina yenyewe ilikuwa ya huduma ya kwanza, siku mbili, katika ukumbi wa kanisa mjini Lushoto. Kila kitongoji kilitakiwa kutoa mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika. Mwenyekiti wetu alipita nyumba kwa nyumba. Waliosoma kunizidi walimuuliza kama kuna posho, na alipowaambia kuna chai na chakula cha mchana tu, wote wakakumbuka kwamba wana kabichi za kumwagilia. Nikabaki mimi.

"Wewe uliishia kidato cha pili," aliniambia, "lakini nimekuona ukisoma hata gazeti lililofungia dagaa. Nenda."

Nilienda kwa furaha ambayo sikutaka aione. Tangu nilipofunga daftari langu la mwisho, miaka tisa nyuma, mwaka tuliowazika baba na mama, hakuna mtu aliyewahi kunituma mahali pa kujifunza. Usiku wa kuamkia safari nilichonga penseli ncha zote mbili.

Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye kicheko cha kumwamsha aliyesinzia. Asubuhi ya kwanza hakutuonyesha picha wala chati. Alitutoa nje, akatupanga penye mabomba ya kunawia, akasema: "Kila mtu mkono mmoja chini ya maji. Nitawaambia lini mtoe."

Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa saba anajua maji yale yalikuwaje. Dakika ya kwanza tulicheka. Ya tatu tukaanza kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Ya nne, fundi cherehani mmoja alichomoa mkono akasema umekufa, azikwe nao. "Hujafika hata robo, baba," muuguzi alimwambia, akamrudisha. Mimi dakika ya sita nilikuwa nimeshamaliza mambo yote ya kuwaza. Ya kumi na mbili nilianza kusoma maandishi ya ukutani kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Alipotuachia, kila mmoja aliuficha mkono wake kwapani.

"Hiyo ndiyo dawa ya kuungua," alisema. "Maji safi, ya baridi, yanayotiririka. Dakika ishirini. Siyo tano. Siyo mpaka mtoto anyamaze. Ishirini. Nimewaweka hapo ili mikono yenu ijue urefu wake, maana siku ikifika mtaona ni mwaka mzima. Na adui yenu siku hiyo hatakuwa moto. Moto utakuwa umeshamaliza kazi yake. Adui yenu watakuwa watu wenye huruma."

Wenzangu walicheka. Mimi nilichelewa kucheka, kwa sababu nilimkumbuka mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa yuko Muheza anachuma machungwa ya watu. Akiwa na miaka minane alimwagikiwa na uji mguuni, na mimi, dada yake na mama yake kwa wakati mmoja, niliupaka mguu ule dawa ya meno nusu nzima ya tyubu. Nilifikiri nampoza. Zahanati walilazimika kuisugua itoke, na kilio chake siku ile ninacho mpaka leo. Kovu analo pia. Akivaa kandambili linaonekana, kama ramani.

Basi niliandika kila kitu. Vua bangili na pete kabla hapajavimba. Usipake yai, asali, unga, dawa ya meno, mafuta ya sungura. Usipasue lengelenge. Mfunike mwili apate joto. Funga kwa kitambaa safi, kisicho na manyoya. Mpeleke zahanati. Chini kabisa niliandika maneno mawili ya muuguzi ambayo hayakuwa ya dawa: "Kabla hujamgusa mtu, toa pumzi yote nje." Na: "Anayekupigia kelele, mpe kazi. Mwenye kazi mdomo wake unapumzika."

Haya mawili niliyapigia mstari, kwa sababu mimi hasira zangu ziko karibu. Kijijini wanajua. Kuna mchuuzi wa mboga mpaka leo hupitia njia ya juu asikutane nami.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nilimfunga mdogo wangu wa mwisho bandeji kichwani kwa kanga mara tano kwa siku. Yeye ni msichana, wakati ule alikuwa darasa la saba, na alivumilia kwa masharti kwamba nami nimsikilize akikariri. Niliwasimamisha majirani njiani niwaonyeshe namna ya kubana jeraha linalovuja damu. Nilichemsha vitambaa viwili vyeupe vya pamba, nikavipiga pasi, nikavifungia kwenye kopo la maziwa la zamani. Shangazi yangu, dada yake baba, tunayeishi naye ua mmoja, alilitazama kopo lile akasema, "Daktari wa siku mbili ameshafungua hospitali." Nikacheka. Sikujua kama kopo lingefunguliwa mwaka uleule.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi. Zilibaki siku kumi na moja mdogo wangu afanye mtihani wa darasa la saba. Nyumbani kwetu siku hizo zilihesabiwa kwa mkaa ukutani, mimi mwenyewe nikifuta mstari mmoja kila asubuhi. Mimi sikumaliza shule. Wa kiume aliacha akaenda Muheza. Yeye alikuwa wa kwanza darasani, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba huyu hatarudi nyumbani kwa sababu yoyote ninayoweza kuizuia.

Jioni ile alikuwa akiipua sufuria ya makande. Mimi nilikuwa uani napanga kuni. Nilisikia mfuniko ukigonga sakafu, kisha ukelele. Nilipoingia alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na maji ya maharage yanatoa mvuke sakafuni. Yalikuwa yamemwagikia kiganja, vidole na mpaka juu ya kifundo.

Mkono wa kulia. Mkono wa penseli.

Nilitoa pumzi yote nje. Kweli nilifanya hivyo. Nilisimama mlangoni nikapuliza kama anayezima mshumaa, na kichwa kikanyooka. Kisha nikamshika kiwiko tukatoka mbio.

Bomba letu ni moja kwa kitongoji kizima, linaletwa na mpira kutoka chemchemi ya juu, na liko hatua kama hamsini chini ya nyumba yetu. Wakati wa kiangazi chemchemi hupungua, kwa hiyo linafunguliwa saa kumi jioni na kufungwa saa kumi na mbili. Ndoo hupangwa foleni tangu mchana. Asiye na ndoo ya ziada huweka jiwe lake, na jiwe linaheshimiwa sawasawa na mtu. Kuruka foleni kiangazi kwetu ni kosa ambalo watu hulisimulia hata msibani kwako.

Sisi tuliruka foleni nzima. Nilisukuma kwa mguu dumu la njano lililokuwa chini ya bomba, nikauweka mkono wa mtoto chini ya maji.

"Wee! Wee! Kuna nini?"

"Ameungua," nilisema. "Naomba bomba dakika ishirini."

"Ishirini!" Ilikuwa kama nimeomba shamba.

Bangili kwanza. Alikuwa amevaa bangili ya shaba ya mama, ambayo miaka yote ilimpwaya na mwaka ule ilikuwa inamkaa sawa. Mama mwenye ufunguo wa bomba, mjane mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa na kipande cha sabuni. Nilikiomba, nikailainisha bangili juu ya ngozi ambayo haikuungua, nikaivuta polepole. Mtoto alipiga kelele mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu. Ilitoka. Nikaivaa mimi.

Hapo shangazi akafika. Alikuwa ameteremka ule mteremko na miguu yake mibovu, kilemba kimekaa upande, yai mkononi.

"Shikamoo shangazi," nilisema, kwa sababu hata nyumba ikiungua shikamoo haiachwi.

"Marahaba. Mtoe huyo mtoto kwenye maji! Utamtia baridi mifupani. Mlete nimpake ute." Alikuwa ameshaanza kutafuta jiwe la kugongea yai.

"Shangazi, hapakwi kitu."

"Hapakwi? Mimi nimelea watoto sita kwa ute wa yai, wewe umelea wangapi?" Akaendelea kwa Kishambaa, haraka haraka, maneno ambayo huwa tunaambiwa tukiwa wadogo na tumevunja chungu. Foleni ikamsaidia. Mmoja alisema asali. Mwingine alisema majivu ya mgomba. Kila mtu alikuwa na ndugu yake aliyepona.

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa mwekundu kama nyanya. Na hapo ndipo mama mmoja mwenye madumu mawili ya njano, ambaye zamu yake ndiyo niliyoisukuma kwa mguu, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ndiyo tabu ya watoto kulelewa na watoto. Mama yao angekuwepo, angejua la kufanya."

Hata shangazi aliacha kutafuta jiwe.

Naomba nieleze ukweli wa nilichokisikia mwilini. Masikio yalipata moto. Nilijua kabisa neno la kumjibu, lilikuwa tayari ulimini, linahusu binti yake na lingemfunga mdomo mwaka mzima. Lakini ili nimjibu vizuri ningelazimika kugeuka. Na nikigeuka, mkono wa mtoto ungetoka chini ya maji.

Nikatoa pumzi nje. Ya pili siku ile.

"Mama," nilimwambia bila kugeuka, "wewe una simu. Naomba unishikie saa. Dakika ishirini kuanzia sasa, mimi mikono yangu haina nafasi."

Alisita. Kisha nikasikia kile kimlio cha simu ikiwashwa. "Saa kumi na dakika arobaini na moja," alisema, kama mtu aliyeombwa kushika mtoto wa mwenzake ghafla akajikuta ameshamshika.

"Na wewe shangazi, nakuomba. Anatetemeka. Mfunike."

Shangazi alilitazama yai, akamtazama mtoto. Akalifunga yai kwenye pindo la kitenge, akavua kitenge cha juu, akamzungushia mabegani, akamkumbatia kwa nyuma. Bado alikuwa ananung'unika, lakini sasa ananung'unikia masikioni mwa mtoto, na mtoto akaegemea.

"Dakika tatu," alisema mwenye simu.

Tatu tu! Niliapa amekosea.

Mama mwenye ufunguo alipunguza bomba kidogo lisipige kwa nguvu, akachukua ndoo iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni, akaitelezesha chini ya mkono wa mdogo wangu. Maji yakapita juu ya vidole yakaingia ndoo. Watu wakaelewa.

"Tutakunywa maji ya mkono?" mmoja akauliza.

"Wanyweshe ng'ombe," alisema mwenye ufunguo. "Au fulia. Au rudi kesho."

Wakasogea. Foleni ikaanza kutembea tena, ndoo moja baada ya nyingine, polepole, mkono wa mdogo wangu ukiwa katikati.

Dakika ya sita mtoto akasema, "Dada, hakuumi tena. Nitoe."

"Bado."

"Kweli hakuumi!"

Niliutoa kidogo tu, aone. Akapiga yowe, akaurudisha mwenyewe.

Mkono wangu nao ulikuwa umeshakufa ganzi. Nilikuwa naushika wa kwake kwa kuamini tu. Nikajua kuna dakika nyingi mbele na hatuwezi kuzikaa kimya tukisikiliza maumivu. Nikasema, "Saba mara nane."

"Dada!"

"Saba mara nane. Zimebaki siku kumi na moja."

"Hamsini na sita," alisema huku analia.

"Sehemu ya mmea inayotengeneza chakula."

"Jani."

"Robo tatu ya themanini."

Akavuta makamasi. "Sitini."

"Sitini!" alirudia mtu kwenye foleni, akishangaa kwamba ni kweli. "Muulize jumla ya nyuzi za pembetatu," alisema mwingine, kijana wa kike aliyemaliza kidato cha nne. "Mia moja na themanini," alijibu mdogo wangu kabla sijarudia swali. Mama mmoja akapiga kigelegele kifupi, akajizuia, kisha akaona hakuna haja ya kujizuia.

"Dakika kumi na moja!" alitangaza mwenye simu, sasa kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alikuwa amesogea mbele kabisa. Bwana mmoja aliyekuwa anapita na jembe alipouliza mbona mnamnyanyasa mtoto, yeye ndiye aliyemgeukia: "Pita zako! Zimebaki tisa. Asiguswe!"

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa na hofu ya mkono ule, na hapohapo nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo penye bomba, kwa sababu kitu nilichokiandika kwa penseli ya ncha mbili kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho yangu.

"Kipeo cha pili cha kumi na tatu," niliuliza.

Alifikiri muda mrefu. Nikaona aibu yake, nikamsaidia: "Mia moja hamsini na sita."

Akainua uso. Macho mekundu, pua inachuruzika. "Hiyo ni kumi na mbili mara kumi na tatu, dada. Kipeo ni mia moja sitini na tisa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Shangazi alicheka mpaka mtoto akatikisika. "Daktari," alisema, "hesabu muachie mwenyewe." Nami nikacheka, machozi yakanitoka, na sikuyafuta kwa sababu mkono wa kufutia sikuwa nao.

"Ishirini!" Mwenye simu aliinua simu juu. "Ishirini kamili!"

Wakati mjane mwenye ufunguo anakimbia nyumbani kwetu kuniletea kopo la vitambaa, niliutazama mkono. Wekundu ulikuwa umeshuka. Kulikuwa na malengelenge mawili tu, moja nyuma ya kidole gumba, moja kwenye kifundo. Sikuyagusa. Nilifunika kwa kitambaa changu cheupe, nikafunga kwa kulegeza, bodaboda ikaitwa. Mwenye madumu ya njano ndiye aliyeiita, kwa simu ileile. Hakuniomba radhi nami sikudai. Aliniambia tu, "Mwanangu, panda nyuma, mtoto akae katikati."

Shangazi alikuja na bodaboda ya pili, hakuna aliyemwomba. Zahanati, mganga alifungua kitambaa, akatazama, akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja kwa miaka:

"Mmepaka nini?"

Nilifungua mdomo. Shangazi akaniwahi.

"Maji," alisema, amenyoosha shingo. "Dakika ishirini."

Mganga alisema vizuri, akatupa dawa na siku za kurudi. Kwa siku zile kumi na moja mdogo wangu alisoma na mimi nikiwa mkono wake. Nilimfunulia kurasa na kumwandikia majibu, na alinikosoa mwandiko. Siku ya nane alianza kushika penseli, akafanya mazoezi ya kutia kivuli kwenye vile viduara vya karatasi ya majibu. Kwenye vingine alivuka mpaka. Usiku sikulala vizuri. Siku ya kumi hakuvuka.

Asubuhi ya mtihani ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kizingitini. Shangazi aliingia jikoni kabla sijawasha moto, akatoa yai kwenye pindo la kitenge. Sisemi ni lilelile, ingawa namjua asivyotupa kitu. Alilichemsha, akalimenya mwenyewe, akamkabidhi mtoto kwenye mkono wa kulia. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, laini, kama ya mtoto mchanga. Aliukunja mkono, akaukunjua.

"Kumbe yai nalo linasaidia," shangazi alisema, akinitazama.

Nilimngoja nje ya uzio wa shule, bangili ya mama bado mkononi mwangu, nikisoma bango la ukutani kutoka mwisho kwenda mwanzo. Walipotoka, alikuwa wa kwanza kukimbia. Hakuniambia mkono unauma au hauumi. Aliuchukua wangu, akaivua bangili, akaivaa mwenyewe.

"Dada," alisema, anahema, "kipeo cha pili cha kumi na tatu kilikuwepo."